Nilivyomuua Manju Lugwisha

Neema na wenzako wa studio, mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi, na mmeniomba nisiwe mrefu. Nimewasikia. Vyeo sitavitaja, kwa sababu nilipata viwili tu na kimoja kilikuwa cha kutunza ufunguo wa choo. Nitaandika kazi yenyewe: dakika saba kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari ya saa moja, za kuwaambia watu wa Mwanza siku kama ya leo kulitokea nini duniani, na ni mtu gani maarufu kazaliwa. Kwa dakika hizo saba mji mzima ukaniita Mama Tarehe, na wengi hawajui kwamba nina jina.

Jina langu ni Nyanzala. Kwa Kisukuma maana yake nimezaliwa wakati wa njaa, na hiyo ndiyo tarehe pekee mama yangu aliyonipa. Siku hakuna aliyeiandika, watu walikuwa wanatafuta chakula. Nilipopelekwa shule, mwalimu alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaandika tarehe moja Julai. Nikajiona nimepewa kitu cha maana. Baadaye nikagundua kaiandikia hivyohivyo nusu ya darasa. Kwa hiyo mnaponiuliza ilikuwaje mtu asiyejua siku yake mwenyewe akafanya kazi ya kutangaza siku za watu, jibu ni kwamba mimi sikuwa na upendeleo.

Siku yangu ya kwanza studio nilipokelewa na Mzee Bwire, Mjita mfupi mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Alikuwa ameanzisha kipindi kile na alikuwa anatafuta mtu wa kumrithisha, ila alivyonitazama ilionekana anatafuta bado. Akanipa karatasi akasema nisome. Mimi nimekulia kwetu tunakosema ledio, na nilikuwa nimefanya mazoezi usiku kucha nisije nikaaibika. Nikafungua mdomo kwa kujiamini kabisa, nikasema: "Reo katika redio yako."

Mzee Bwire akavua miwani. "Umeipata redio," akasema, "ukaipoteza leo. Rudia."

Nilirudia mpaka saa sita mchana. Kila nikiipata moja, ya pili inanitoroka. Alipochoka akanipeleka mezani kwake akanionyesha urithi wenyewe, yaani kaunta buku nene iliyofunikwa na karatasi ya kalenda, kila siku ya mwaka na ukurasa wake. Hata tarehe ishirini na tisa Februari ilikuwa na ukurasa kamili, isijione mnyonge. Kando ya daftari kulikuwa na kalamu mbili.

"Bluu ni walio hai," akasema. "Nyekundu ni waliokufa. Aliye hai unamwambia heri ya kuzaliwa. Aliyekufa unasema kumbukizi ya kuzaliwa kwake. Mtu wa huku akisikia neno kumbukizi, anatafuta kanga na kuni za kupeleka msibani. Usije ukachanganya."

Nikasema nimeelewa. Ni rahisi sana kuelewa kitu ambacho bado hakijakupata.

Lakini kabla sijaondoka alinishika mkono akaniambia jambo jingine, na hilo ndilo lililonisumbua maisha yangu yote ya kazi. "Nyanzala, kuchekesha watu ni kazi nzuri. Ubaya wake ni mmoja. Siku utakayotaka kuwaambia la kweli, watakaa kimya wakisubiri umalizie utani. Sasa ujue utafanyaje siku hiyo."

Sikujua nitafanyaje. Nilikuwa na umri wa kudhani siku hiyo ni ya watu wengine.

Basi nikaingia kazini. Wanahistoria wananichukia mpaka kesho, na sijali. Siku ya yule mzungu aliyesimama kilimani akatangaza amegundua ziwa letu, kila mwaka nilisema kwamba wavuvi walimuuliza kutoka majini, "Unatafuta nini?" Akajibu, "Nimelipata!" Wakamwambia, "Mbona halikupotea?" Siku ya mtu wa kwanza kukanyaga mwezini, nilisema alikaa kidogo akarudi, na kwamba kama angekuwa Msukuma angeshapima ekari tatu, akapanda pamba na kuacha ng'ombe wawili huko kama alama ya mpaka. Siku ya simu ya kwanza duniani niliwakumbusha kuwa yule bwana alimpigia msaidizi wake aliyekuwa chumba cha pili, na kwamba hapo ndipo uvivu wa maofisini ulipozaliwa. Na wale waigizaji wa ng'ambo, kuna mmoja nilimtakia heri ya kutimiza miaka thelathini na tisa kwa miaka sita mfululizo, kwa sababu ndivyo wenyewe walivyokuwa wanaandika magazetini.

Tarehe moja Julai ndiyo ilikuwa sikukuu yangu. Nilikuwa nasema: "Leo imezaliwa nusu ya Kanda ya Ziwa. Wakunga wote wa zamani walifanya kazi siku moja, wakapumzika mwaka mzima." Watu walipiga simu kucheka, na kila aliyepiga naye kazaliwa tarehe moja Julai.

Kuna ukurasa mmoja tu wa mwezi wa tano ambao Mzee Bwire hakuandika kitu, kachora msalaba mwekundu. Ni siku ile meli yetu ilipozama ziwani. Nami sikuongeza neno, na wewe Neema usiongeze.

Sasa nije kwenye kesi yangu, maana najua ndiyo mnayoisubiri.

Manju Lugwisha wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa kiongozi wa ngoma ya majembe, mtunzi na mwimbaji, na ujanani mwake alikuwa anarusha jembe juu huku anaimba, linazunguka mara mbili angani, anadaka bila kukosa mstari. Watu walikuwa wanatembea siku nzima kumwona. Uzeeni akahamia Igoma, nyumba ikazungukwa na mafundi wa kuchomelea mageti, akanyamaza. Mimi nilimpenda mzee yule. Niliona aibu kwamba waigizaji wa ng'ambo nawatakia heri wakati mtu wetu mwenyewe hana hata mstari kwenye daftari. Nikamfuata mjukuu wake, akaniangalizia kitambulisho cha mzee. Mtashangaa: tarehe moja Julai.

Asubuhi hiyo nilipofika studio kalamu ya bluu haikuwepo. Kaichukua mtu wa matangazo, na mtu wa matangazo akichukua kalamu yako, uizike tu. Nikasema isiwe tabu, leo nitaandika kwa nyekundu, kwani Lugwisha si namjua yuko hai? Nikaandika. Saa moja kasoro dakika saba nikaingia hewani. Nikapiga utani wangu wa wakunga, nikafungua ukurasa, jicho likaona wino mwekundu, na mdomo ukafanya ulichozoea kwa miaka yote.

"Leo pia ni kumbukizi ya kuzaliwa kwake manju wetu Lugwisha. Tutamkumbuka kwa jembe lake na sauti yake."

Halafu nikaweka wimbo wake, tena ule wa taratibu. Nikatoka nikaenda kunywa chai na chapati mbili, roho safi kabisa.

Saa tatu meneja akaja akasimama mlangoni. "Mama Tarehe, Lugwisha kafa lini?"

"Hajafa."

"Umemtangaza."

"Nimemtakia heri ya kuzaliwa."

"Umesema kumbukizi. Na wimbo umeweka. Simu zimejaa pole."

Nikafungua daftari. Wino mwekundu ulikuwa unanitazama. Sikulifunga hata, nikakimbilia Igoma.

Nilipofika Igoma turubai lilikuwa limeshafungwa upande mmoja. Wanawake wanashusha kuni, vijana wanapanga viti vya plastiki, mtu mmoja anauliza sufuria kubwa iko kwa nani. Katikati ya hayo yote manju mwenyewe kakaa kwenye kigoda, anakata kucha za miguu. Redioni hakuwa amesikia lolote, kwa kelele za wale mafundi hata radi ingempita; kifo chake aliambiwa na waliokuja kumzika. Mama mmoja alikuwa analia huku anamwangalia, na kila akimwangalia analia zaidi, sijui kwa nini.

Nikapiga magoti. "Shikamoo mzee."

Akaninyoshea wembe. "Ndiye wewe umeniua?"

"Ndiye mimi, mzee. Nisamehe. Shikamoo."

"Marehemu haitikii shikamoo." Akaendelea na kidole gumba mpaka alipomaliza. Kisha akasema, "Marahaba. Nimekufa kwa ugonjwa gani?"

"Kwa kalamu nyekundu, mzee."

Akacheka mpaka akakohoa. Na ndipo tuliposikia kilio kinakuja kutoka barabarani. Alikuwa ni Kabula, mdogo wake wa kike, anayeishi ng'ambo ya ziwa, juu ya gati la Kamanga. Alikuwa amepanda kivuko cha kwanza baada ya kipindi, mkeka begani na kuku mkononi, na analia tangu kwenye maji. Hao wawili hawakuwa wamesemezana kwa miaka tisa kwa sababu ya ngoma ya marehemu baba yao, ambayo kila mmoja alidai mwenzake ndiye kaipasua. Kabula akapenya watu, akamwona kaka yake kakaa na wembe wake, akasimama.

"Upo?"

"Nipo."

"Mimi nimelia kutoka Kamanga mpaka hapa, kumbe wewe upo!" Akamshushia mkeka mgongoni, paa, mara ya kwanza, paa, mara ya pili. Halafu akautupa, akamkumbatia, akalia upya. Lugwisha naye akawa anasema tu, "Ngoma niliipasua mimi, Kabula. Niliipasua mimi." Nami nikalia. Sikuona sababu ya kujizuia, mazishi yalikuwa yangu.

Kuku akaliwa, kuni zikatumika, na mzee akasema hiyo ndiyo sherehe ya kuzaliwa ya kwanza maishani mwake, na wala hakuzaliwa siku hiyo, mama yake alimwambia kazaliwa wakati wa kuvuna mtama. Tulipokuwa tunaosha mikono Kabula alinivuta pembeni.

"Mwanangu, nakushukuru na nimekukasirikia, vyote pamoja. Ila sikia. Siku nyingine mkimuua kaka yangu, njoo mwenyewe uniambie. Hiyo ledio yenu mimi siiamini tena."

Nikaahidi, huku nacheka.

Redioni niliomba radhi asubuhi tatu mfululizo, na meneja akaniambia nikiua mwingine kipindi kinakufa pamoja naye. Lakini mji ulishalichukua jambo lile. Mtu akichelewa kufika mahali, anaambiwa tulidhani umekufa kama Lugwisha. Sokoni wananiita, "Mama Tarehe, leo unamuua nani?" Nilicheka nao. Nilidhani limeishia hapo.

Miaka sita baadaye, masika, mjukuu wake alinipigia simu alfajiri. Manju alikuwa amefariki usingizini. Mazishi yangekuwa kesho yake saa nane. Niliandika kwa kalamu nyekundu, polepole, nikaingia hewani na kusema bila utani hata mmoja kwamba manju Lugwisha ametutoka.

Simu zililia papo hapo. Wa kwanza alikuwa anacheka. "Safari hii mnachinja ng'ombe?" Wa pili akasema mwambie marehemu namsalimia. Wa tatu akanipongeza kwamba safari hii sauti yangu nimeiigiza vizuri. Nilirudia tangazo baada ya taarifa ya habari. Wakacheka zaidi, wakasema Mama Tarehe leo kaamua.

Nikampigia Kabula mimi mwenyewe. Nikasema, "Bibi, kaka yako amefariki." Akacheka kicheko kirefu, akasema, "Mwambie nitakuja Krismasi," akakata. Nikapiga tena, hakupokea. Watu wengine wangejua baadaye, wangekuja kutoa pole. Lakini huyu akikosa kumzika kaka yake aliyemrudia baada ya miaka tisa, hakuna tangazo la kuomba radhi litakalomrudishia. Nilimkumbuka Mzee Bwire na swali lake. Siku ilikuwa imefika, na nilikuwa bado sijui nitafanyaje.

Nikavua visikizi vya masikioni, nikamwambia fundi mitambo aweke nyimbo, nikashuka kwenye kivuko. Njia nzima nilikuwa najaribu maneno. Kila nililolipata lilisikika kama mwanzo wa kichekesho, kwa sababu ndivyo sauti yangu ilivyozoea kutoka. Niliogopa. Nilijionea aibu pia, na sijawahi kumwambia mtu hilo mpaka leo.

Nilimkuta uani anamenya mihogo. Akaniona kutoka mbali, akainua kisu akanipungia. "Mama Tarehe! Mmemuua tena?"

Nikafika. "Shikamoo bibi."

"Marahaba." Akawa ananitazama usoni kwa furaha, anasubiri.

Nikasimama pale. Maneno yote niliyoyapanga kwenye maji yalikuwa yameondoka. Nilikaa kimya, na kwangu mimi hilo halikuwa limewahi kutokea. Tabasamu lake likakaa kidogo, kisha likaanza kupungua. Akatazama miguu yangu yenye tope la gatini.

"Umekuja mwenyewe," akasema.

"Nimekuja mwenyewe, bibi."

Akaweka kisu chini, akafunika mihogo kwa ungo, akaingia ndani akatoka na mkeka. Hakulia palepale. Alilia kwenye kivuko, na mimi nilimshika begani mpaka tukafika. Kesho yake saa nane alikuwa wa kwanza kutupa udongo. Mji ulipojua ni kweli, watu walifika wiki nzima, kila mmoja ananiomba radhi kwanza kabla ya kuwapa pole wafiwa.

Baada ya hapo nilitaka kuacha. Nilikwenda kwa Mzee Bwire, alikuwa amezeeka hata waya umeshindwa kuishika miwani yake, nikamwambia utani umenifikisha pabaya. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Utani haukumuua mtu," akasema. "Wewe ndiye ulishindwa kwenda dukani kununua kalamu. Rudi kazini." Nikarudi, nikanunua kalamu za bluu boksi zima na kulifungia kwenye droo. Mtu wa matangazo hajanisamehe mpaka leo.

Nimestaafu tarehe moja Julai mwaka huu, siku yangu ya serikali. Neema, jana yake nilikukabidhi daftari, ukalipokea kwa mikono miwili kwa heshima zote, kisha nikaona umeliweka chini ya kikombe na kufungua simu yako. Asubuhi ya tarehe moja nikakaa nyumbani Ilemela, mlangoni juu ya mawe, na redio ndogo na kikombe cha chai, nisikilize kama watu wengine kwa mara ya kwanza.

Ukaanza vizuri. Utani wa wakunga uliupiga barabara. Halafu nikakusikia kwa sauti tamu kabisa: "Na leo ni kumbukizi ya kuzaliwa kwake mama yetu, Mama Tarehe. Tutakukumbuka daima." Ukaweka wimbo. Wa taratibu.

Niliweka kikombe chini. Sikujua kama unanitania au daftari lilikuwa bado chini ya kikombe chako.

Saa nne jirani yangu akatokea na mzigo wa kuni kichwani, akaniona, akageuka bila salamu akarudi nazo. Baada yake hakuja mtu. Nilikaa pale mpaka mchana, na nitasema ukweli, roho iliniuma. Nilijiambia watu wamesikia, wamecheka, wanasubiri nimalizie utani. Siku nitakayokufa kweli itakuwa hivihivi.

Saa nane nikaona mtu anapanda mawe polepole, anapumzika kila baada ya hatua tatu. Fimbo mkono mmoja, mkeka begani, kuku kwapani. Kabula amezeeka sana. Nilishuka kumpokea, akanizuia kwa fimbo mpaka alipofika mwenyewe na kupata pumzi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekufa?"

"Bado."

"Nilijua. Nimewaambia nyumbani, hao wa ledio ni waongo." Akanitazama vizuri, kichwa mpaka miguu, kama yule mwalimu. "Halafu nikasema, mara ile nilicheka, kidogo nimkose kaka yangu. Safari hii sichezi. Nimekuja na kuku. Kama umekufa nilie, kama hujafa tumle."

Nikampokea kuku, nikaenda kubandika maji.